Je, Vazi la Chuma Linaweza Kumwinua Aliyepooza?



Mama mmoja wa jimbo letu ametuletea swali ambalo tumeona tusilijibu kwa barua tu, bali tulifanye kuwa somo la mwezi huu. Kijana wake alianguka na pikipiki, akaumia uti wa mgongo, na tangu siku hiyo miguu yake haisogei. Hivi karibuni ndugu yao mmoja aliwaonyesha katika simu picha za mtu aliyepooza kama kijana huyo, lakini amevaa chuma kuanzia kiunoni hadi nyayoni, naye anasimama na kutembea. Familia imekaa kikao. Wako wanaosema shamba la kahawa liuzwe ili chuma hicho kinunuliwe. Wako wanaosema hizo ni sinema tu, duniani hakuna kitu kama hicho. Mama anauliza: nani anasema kweli?

Tunamjibu mama huyu, pamoja na wote wenye mgonjwa wa namna hiyo nyumbani, kwamba kila upande una sehemu ya ukweli. Chuma hicho kipo kweli. Na ni kweli pia kwamba kabla ya kuwa kifaa cha hospitali kilikuwa hadithi, na mpaka leo watu wengi wamekiona katika sinema kuliko katika chumba cha mazoezi. Kwa hiyo tutaanza na hadithi, kisha tutaingia katika karakana za mafundi, na mwisho tutarudi nyumbani kwa mama.

1. KITU CHENYEWE NI NINI?

Sisi wanadamu tumeumbwa mifupa ikiwa ndani na nyama nje. Kaa wa pwani na mende wa jikoni ni kinyume: mwili laini uko ndani, na gamba gumu linaloushikilia liko nje. Wataalamu walipotafuta namna ya kumsimamisha mtu ambaye mifupa yake ni mizima lakini misuli yake haipati tena amri, waliufuata mfano huo wa kaa. Wakamtengenezea mtu kiunzi cha kuvaa nje ya mwili. Katika somo hili tutakiita kiunzi cha kuvaa.

Kiunzi hicho kina fito ngumu lakini nyepesi zinazopita kandokando ya miguu, mikanda ya kufungia kiuno, mapaja na miguu, mota ndogo za umeme penye nyonga na magoti, betri, na kompyuta ndogo. Mota huchukua nafasi ya misuli. Betri huwa kama chakula cha kuipa misuli hiyo nguvu. Kompyuta hufanya sehemu ndogo ya kazi ya ubongo, yaani kuamua mguu upi uende na lini.

Wazo la kumsaidia mtu atembee kwa kiunzi si la jana. Mwaka 1890 Mrusi mmoja aitwaye Nicholas Yagn alipewa hati ya uvumbuzi huko Marekani kwa kifaa cha kurahisisha kutembea, kukimbia na kuruka. Kilikuwa na springi ndefu zilizopinda kama upinde, lakini hakikuwa na mota. Nguvu yote ilikuwa ya mvaaji mwenyewe. Tazameni tofauti hiyo: springi humrudishia mtu nguvu aliyoitoa, bali haimpi ile asiyokuwa nayo. Aliyepooza anahitaji nguvu kutoka nje ya mwili wake.

2. HADITHI ZILITANGULIA

Wanaoandika hadithi za kubuni za kisayansi hujiuliza: itakuwaje kama siku moja mtu ataweza jambo fulani? Katika suala letu, mmoja wa waliotangulia ni Robert Heinlein wa Marekani. Alikuwa ofisa wa jeshi la majini, akaachishwa kazi mwaka 1934 kwa sababu ya kifua kikuu. Pengine ndiyo maana hadithi yake ya mwaka 1942, iitwayo "Waldo", inamhusu mgonjwa. Waldo ana ugonjwa wa kulegea misuli, hata kunyanyua mkono ni kazi kubwa. Anajitengenezea mikono ya chuma inayoiga kila anachofanya kwa mikono yake dhaifu: akisogeza kidole kidogo, kidole cha chuma kinafanya vilevile kwa nguvu kubwa. Baadaye mafundi halisi walipotengeneza mikono ya mashine ya kushika vitu vya hatari kutoka mbali, watu waliiita kwa jina la huyo mgonjwa wa hadithi.

Mwaka 1959 Heinlein alitoa kitabu kingine, "Starship Troopers", kuhusu askari wa wakati ujao wanaovaa mavazi ya chuma yenye nguvu. Hapo alieleza jambo moja ambalo mafundi hawakulisahau. Alisema askari haendeshi vazi lake kama dereva anavyoendesha lori. Ndani ya vazi kuna vitu vinavyohisi msukumo wa mwili. Mtu akisukuma mkono, vazi linahisi, nalo linasukuma upande uleule kwa nguvu zaidi. Yaani mtu anafanya anachotaka, na chuma kinamfuata.

Mwaka 1963 vijana wa Marekani walianza kusoma katika vitabu vya katuni habari za Iron Man, tajiri aliyejeruhiwa kwa vipande vya bomu karibu na moyo. Vazi lake la kwanza la chuma lilikuwa la kuufanya moyo wake usisimame, kisha ndipo likawa la kupigania. Wengi wetu tumemfahamu kwa sinema zilizoanza mwaka 2008, ambamo anaruka angani. Tunasahau kwamba habari yake ilianza na majeraha.

Na mwaka 1986 ikatoka sinema iitwayo "Aliens". Ndani yake mwanamke mmoja anaingia katika mashine ya kubebea mizigo yenye mikono na miguu mikubwa ya chuma, kisha anapigana nayo na dude la kutisha. Watazamaji waliamini kabisa kwamba ile mashine inatembea. Ukweli ni kwamba haikuweza kutembea yenyewe. Nyuma ya mwigizaji, ndani ya chuma, alijificha mwanamume mwenye nguvu aliyekuwa akiisukuma mikono na miguu ile kwa misuli yake, huku chombo chote kikishikiliwa kisianguke. Tuikumbuke habari ya huyo mtu wa nyuma. Tutaihitaji mbele.

3. MAFUNDI WALIPOJARIBU

Hadithi ni rahisi kuliko karakana. Kati ya mwaka 1965 na 1971 kampuni ya General Electric ya Marekani, kwa fedha za jeshi, ilijaribu kutengeneza vazi la kumwezesha mtu kunyanyua kilo 680, yaani karibu magunia 7 ya mahindi ya kilo 100. Waliliita Hardiman. Vazi lenyewe nalo lilikuwa na uzito wa karibu kilo hizohizo 680. Walifanikiwa kutengeneza mkono mmoja ambao uliweza kunyanyua kiasi cha nusu ya mzigo uliokusudiwa. Lakini kila walipojaribu kuendesha vazi zima, lilitikisika na kujirusha bila mpango, hata hawakuthubutu kumweka mtu ndani. Nguvu ilipatikana. Utii ndio uliokosekana.

Wakati huohuo, huko Belgrade katika nchi ya Yugoslavia ya wakati ule, mtaalamu Miomir Vukobratović na wenzake wa Taasisi ya Mihajlo Pupin walikuwa na shabaha nyingine. Hawakutaka kunyanyua magunia. Walitaka kumsimamisha mtu aliyepooza miguu. Mwaka 1969 na miaka iliyofuata walitengeneza viunzi vilivyosukumwa kwa hewa ya kushindiliwa, wakavijaribu kwa wagonjwa. Viunzi hivyo vilikuwa vizito, na mwendo wake haukuwa mwororo. Hata hivyo kazi yao juu ya jinsi ya kuufanya mwili unaotembea usianguke inasomwa mpaka leo na wote wanaotengeneza mashine zenye miguu.

Hata katika miaka yetu jeshi la Marekani lilirudia ndoto ya Iron Man. Mwaka 2013 lilianza mpango wa vazi la askari, na kufikia mwaka 2019 likakiri kwamba vazi zima kama lilivyokusudiwa halifai kwa mapigano. Tunaona basi kwamba mahali hadithi ziliposema chuma kitampa mwenye nguvu nguvu zaidi, bado kazi ni ngumu. Mahali palipopiga hatua zaidi ni kwa wagonjwa.

4. MASWALI MATATU AMBAYO SINEMA HAIJIBU

Mtu akikuonyesha chuma kinachotembea, muulize maswali matatu.

La kwanza: nguvu inatoka wapi? Iron Man ana chanzo cha nguvu kifuani. Katika ulimwengu wetu nguvu hutoka katika betri, na betri hudumu saa kadhaa tu, kisha huchajiwa kwa umeme. Mahali pasipo umeme wa uhakika, kiunzi ni mzigo wa chuma kilichoegemea ukuta.

La pili: kinajuaje mtu anataka nini? Hapa ndipo penye maajabu. Huko Japani, Profesa Yoshiyuki Sankai wa Chuo Kikuu cha Tsukuba alipokuwa mtoto alisoma hadithi za Isaac Asimov kuhusu mashine zinazomtumikia binadamu, akaazimia kuzitengeneza. Mwaka 2004 alianzisha kampuni, na kiunzi chake kinaitwa HAL. Mtu anapotaka kunyanyua mguu, ubongo hupeleka amri kwa njia ya mishipa ya fahamu, na ishara hafifu sana ya umeme hufika katika misuli. Ishara hiyo hupatikana hata juu ya ngozi. HAL hubandikwa vipokeaji kwenye ngozi, huisoma ishara hiyo, na mota husaidia mguu uende. Ni kama wazo la Heinlein, ila badala ya kuhisi msukumo wa mkono, chuma kinasikiliza nia ya mgonjwa. Kwa hiyo humfaa hasa yule ambaye ishara bado inafika, ingawa ni dhaifu. Mwaka 2015 serikali ya Japani ilikikubali kuwa kifaa cha tiba kwa magonjwa fulani ya mishipa ya fahamu na misuli.

Lakini je, yule ambaye amri haifiki kabisa kwa sababu njia imekatika mgongoni? Kwa huyo iko namna nyingine. Mhandisi wa Israeli, Amit Goffer, alipata ajali mwaka 1997, akapooza mikono na miguu. Alichoshwa na kuona kwamba kwa karne nyingi aliyepooza hupewa kiti tu. Akabuni kiunzi kiitwacho ReWalk. Mvaaji hushika magongo mawili, huchagua kwa kifaa cha mkononi kama anataka kuketi, kusimama au kutembea, kisha huinamisha kifua mbele kidogo. Kiunzi kinahisi mwinamo huo na kupeleka mguu mmoja. Akiinama tena, mguu wa pili. Na hapa kuna jambo la kugusa moyo: kwa kuwa mikono ya Goffer mwenyewe ilipooza na hawezi kushika magongo, hakuweza kukitumia kiunzi alichowabunia wenzake.

La tatu: nani anazuia kuanguka? Sisi tulio wazima hatujui ubongo unafanya kazi kiasi gani kutusimamisha tu. Viunzi vingi haviwezi kazi hiyo, ndiyo sababu ya magongo. Kampuni ya Wandercraft ya Ufaransa, iliyoanzishwa mwaka 2012, imetengeneza kiunzi kinachojisawazisha chenyewe bila magongo, na Julai 2024 mwanamichezo aliyepooza, Kevin Piette, alikivaa akatembea na mwenge wa Olimpiki. Huko Grenoble, mwaka 2019, madaktari walieleza habari za kijana aliyepooza mikono na miguu aliyeweza kuendesha kiunzi chenye uzito wa kilo 65 kwa mawazo yake, kwa vipokeaji vilivyowekwa chini ya fuvu la kichwa. Lakini kiunzi hicho kilikuwa kimening'inizwa darini ili kisianguke. Picha za simu mara nyingi hazionyeshi dari.

5. WATU WA NYUMA

Sasa turudi kwa yule mwanamume aliyejificha ndani ya chuma cha sinema. Tukichunguza habari za kweli, tutamkuta tena na tena.

Mwaka 2012 Claire Lomas wa Uingereza, aliyepooza baada ya kuanguka na farasi mwaka 2007, alimaliza njia yote ya mbio ndefu za London, kilomita 42, akiwa amevaa kiunzi. Wakimbiaji wengine walimaliza kwa saa chache. Yeye alitumia siku 17. Magazeti yalisifu chuma. Lakini katika njia hiyo mumewe alimfuata nyuma, tayari kumdaka akiyumba. Miguu ilikuwa ya mota, lakini usalama ulikuwa mikononi mwa mume.

Tarehe 12 Juni 2014, katika ufunguzi wa Kombe la Dunia huko São Paulo nchini Brazili, kijana aliyepooza, Juliano Pinto, alivaa kiunzi kilichopokea ishara za ubongo kwa njia ya kofia maalumu, akaugusa mpira kwa mguu. Televisheni ilionyesha kwa sekunde chache tu. Haikuonyesha miezi ya mazoezi. Profesa Miguel Nicolelis na wenzake walieleza mwaka 2016 kwamba wagonjwa wanane waliofanya mazoezi kwa miezi 12, wakitumia viunzi na vifaa vingine, walianza kupata tena hisia kidogo sehemu za chini za mwili, na nusu yao wakahamishwa kutoka kundi la waliopooza kabisa hadi kundi la waliopooza kwa sehemu. Hawakuponywa, wala hawakutupa viti vyao. Lakini tunajifunza hapa kwamba mwili unaorudiarudia mazoezi kwa uvumilivu unaweza kuamsha kilichobaki kimelala.

Na mwezi huohuo wa Juni 2014 mamlaka ya Marekani inayokagua dawa na vifaa vya tiba iliruhusu ReWalk itumike nyumbani, ikiwa kiunzi cha kwanza cha namna hiyo kupata ruhusa huko. Lakini iliweka sharti: mvaaji awe na msaidizi aliyefundishwa. Yaani hata sheria inasema wazi kwamba chuma bila mtu hakitoshi.

6. NANI ANAFAA, NA KWA GHARAMA GANI?

Si kila aliyepooza anafaa. Kwa viunzi vya magongo, mikono na mabega lazima yawe na nguvu. Mifupa ya miguu lazima iwe imara, maana miguu isiyobeba uzito kwa muda mrefu huwa na mifupa dhaifu na inaweza kuvunjika. Viungo visiwe vimekakamaa. Ngozi isiwe na vidonda. Kimo na uzito viwe ndani ya mipaka ya kiunzi. Mgonjwa aliyekaa miaka miwili bila kunyooshwa magoti hawezi kuvishwa kiunzi hata akipewa bure.

Bei ya ReWalk ilipoanza kuuzwa Marekani ilikuwa karibu dola 70,000. Bima ya serikali ya Marekani kwa wazee na walemavu ilianza kuvilipia viunzi vya namna hiyo mwaka 2024 tu. Na kununua si mwisho. Mwaka huohuo wa 2024, huko Marekani, mtu mmoja aliyekuwa akitumia kiunzi chake kwa miaka alipatwa na hitilafu ndogo katika kifaa cha mkononi kinachokiendesha. Akaambiwa kwamba kiunzi chake kimepita umri wa kutengenezwa. Akarudi kwenye kiti mpaka habari zilipotangazwa na watu wakapiga kelele ndipo kikatengenezwa. Kama hayo yalimpata anayeishi katika nchi ya kiwanda, itakuwaje kwa anayeishi kijijini kwetu, mahali ambapo hata fundi wa kiti cha magurudumu ni wa kutafutwa?

7. TUFANYE NINI NYUMBANI?

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Yapo mambo ambayo familia inaweza kuyafanya leo, na ndiyo yanayomweka mgonjwa hai na kumwandaa kwa msaada wowote utakaokuja kesho.

(a) Ngozi. Mgonjwa asiyejisogeza ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Anayekaa kwenye kiti ajinyanyue au ainamishwe kila nusu saa au kabla ya hapo. Kila siku kagueni matako, nyonga, kiuno na visigino. Mkiona alama nyekundu au nyeusi isiyopotea, asilalie wala kukalia hapo tena, na apelekwe zahanati mapema. Msimweke karibu na moto wala chupa ya maji ya moto, kwa kuwa hahisi akiungua. Vidonda vya kulalia vimewaua wengi ambao ajali haikuwaua.

(b) Viungo. Kila siku, asubuhi na jioni, kunjeni na kukunjua taratibu kila kiungo: vidole, kifundo, goti, nyonga. Msitumie nguvu. Mwombeni mtaalamu wa mazoezi ya viungo wa hospitali awafundishe watu wawili au watatu wa familia, siyo mmoja tu.

(c) Mkojo na choo. Anywe maji ya kutosha. Mpira wa mkojo ushikwe kwa mikono iliyonawiwa. Homa, au mkojo wenye harufu mbaya na tope, ni sababu ya kwenda hospitali siku hiyohiyo.

(d) Kusimama. Ni vizuri mwili usimame, hata kwa kufungwa kwenye ubao au kati ya fito mbili za miti zilizochimbiwa uani. Lakini mtaalamu aruhusu kwanza, kwa sababu ya mifupa, na kwa sababu mgonjwa aliyelala muda mrefu huweza kuzimia presha ikishuka ghafla.

(e) Kiti. Kiti cha magurudumu kinachomfaa kwa kimo, chenye mto mzuri, kinamfikisha shuleni, kazini na kanisani. Hakuna aibu ndani yake. Tusimwambie mgonjwa kwamba aliye kwenye kiti ameshindwa na anayetembea kwa chuma ameshinda.

(f) Waliopatwa na kiharusi. Hao mara nyingi amri bado inapita kidogo, kwa hiyo mazoezi ya kurudiarudia yana faida kubwa, hasa yakianza mapema. Mkono uliolegea ushirikishwe kuosha vikombe, kukunja nguo na kuchambua maharage.

Na tuseme neno moja la kinga. Mtu akianguka kutoka kwenye mwembe au pikipiki, msimvute mkono wala kumkunja kati ya watu wawili juu ya pikipiki nyingine. Kichwa, shingo na mgongo vibaki katika mstari mmoja. Watu kadhaa wamwinue kwa pamoja, juu ya ubao au mlango. Wako waliofika chini wakiwa wameumia mfupa tu, na wakapooza kwa sababu ya namna walivyobebwa.

8. JIBU KWA MAMA

Mama mpendwa, wanaosema chuma hicho kipo wanasema kweli. Wanaosema ni cha sinema nao hawakukosea sana, kwa maana uliyoyaona kwenye simu yaliacha nje dari, msaidizi, fundi na bei. Ushauri wetu ni huu: shamba lisiuzwe. Kahawa hiyo ndiyo itakayonunua sabuni, chakula na nauli ya kumpeleka kijana kliniki kwa miaka mingi. Mtu akija kwenu na kusema atawaletea kiunzi mkimpa fedha za kutangulia, msimpe hata senti. Nendeni kwanza mkamuulize daktari wa hospitali anayemfahamu mgonjwa. Wakati huohuo msimkataze kijana kutumaini. Viunzi vilivyokuwa na uzito wa magunia 7 leo vinavaliwa mwilini. Akiweka ngozi yake nzima, magoti yake laini na mabega yake imara, siku kifaa kitakapofika karibu kitamkuta tayari.

Mwinjili Marko, katika sura ya pili, anatusimulia habari za mtu aliyepooza kule Kapernaumu. Hakuwa na chuma wala mota. Alikuwa na watu wanne. Walimbeba, wakaona njia imejaa, wakapanda juu ya nyumba na kufungua dari. Injili haituambii majina yao, lakini inatuambia kwamba Bwana aliiona imani yao. Kila jumuiya yetu ndogondogo ina mgonjwa wa kubebwa, na inatakiwa kuwa na watu wake wanne: mmoja wa kumgeuza usiku mama anapochoka, mmoja wa kusukuma kiti Jumapili, mmoja wa kufuatilia kliniki, na mmoja wa kukaa naye tu wakiongea. Kijana wa mama huyu amengoja muda mrefu. Tusimwache angoje mpaka chuma kifike.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Je, katika jumuiya yetu yuko aliyepooza ambaye hatujamwona kanisani mwaka huu? Nani atakwenda kumtembelea juma hili?

2. Mlango wa kanisa letu, wa shule yetu na wa zahanati yetu unapitika kwa kiti cha magurudumu? Kama haupitiki, tunahitaji mifuko mingapi ya saruji kuweka njia ya mteremko?

3. Ni nani kati yetu walio tayari kwenda hospitali kufundishwa mazoezi ya viungo, ili wawasaidie wenye wagonjwa nyumbani?